Kutoka Al Mudhaibi hadi Wembley: nani atamfuata Ali Al Habsi?

Mwezi Agosti mwaka 2020 golikipa Iker Casillas wa Uhispania alitangaza rasmi kutundika daluga. Mwaka huo huo golikipa mwingine, Ali bin Abdullah Al Habsi wa Oman, naye aliuaga mpira wa kulipwa. Wote wawili walizaliwa mwaka 1981, Casillas mwezi Mei na Al Habsi mwishoni mwa Desemba. Habari za Mhispania yule zilienea dunia nzima, na hiyo ni haki yake. Nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 2010 na Kombe la Mataifa ya Ulaya miaka ya 2008 na 2012 hawezi kuondoka kimyakimya. Habari za Muomani zilisomwa zaidi katika nchi za Ghuba, na katika miji michache ya Uingereza ambako mashabiki bado wanamkumbuka.

Tahariri yetu ya leo inamhusu huyu wa pili. Fahari ipo na hatuifichi, lakini fahari peke yake isingetosha kutufanya tuandike. Tunaandika kwa sababu safari ya Al Habsi ilianzia katika klabu ndogo ya Al Mudhaibi, huko Sharqiyah, na kwa sababu hadi hii leo hatujamwona Muomani mwingine akifika pale alipofika yeye. Je, ni vipaji vilivyokwisha, au ni njia iliyozibika? Sisi tunaamini ni njia.

Kwa wasomaji wetu walio mbali na Oman, inafaa kueleza kidogo kuhusu maeneo tunayoyataja. Sharqiyah ni eneo la mashariki ya nchi, ambalo mwaka 2011 liligawanywa kuwa mikoa miwili: Sharqiyah Kaskazini yenye makao yake Ibra, na Sharqiyah Kusini yenye makao yake Sur. Dakhiliyah ni bara, ndani ya milima, na mji wake mkuu ni Nizwa. Huko ndiko walikotoka mababu wengi waliopanda majahazi kwenda Unguja, Pemba na Mombasa, na wengine wakaendelea hadi Tabora, Ujiji na Kongo. Majina ya Al Harthy, Al Barwani, Al Riyami na Al Kindi yanajulikana pande zote mbili za bahari. Jina la Habsi nalo ni la huko huko Al Mudhaibi.

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi katika watu hao walirejea Oman wakiwa na Kiswahili chao. Ndiyo maana hata leo ukiingia katika nyumba nyingi za Ibra au Sur utamsikia bibi akiwagombeza wajukuu kwa Kiswahili, na wajukuu wakimjibu kwa Kiarabu. Na ndiyo maana jambo linalowahusu vijana wa Sharqiyah na Dakhiliyah ni jambo letu pia, hata kama ukurasa huu unaandikwa mbali na huko.

Tuanze na safari yenyewe. Al Habsi alianza kudaka katika klabu ya Al Mudhaibi, ambayo wakati huo ilikuwa katika madaraja ya chini ya soka la Oman. Kama walivyokuwa wachezaji wengi wa nchi ile, mpira haukuwa ukimlisha. Alifanya kazi ya zimamoto katika uwanja wa ndege, na mpira ulikuwa jambo la baada ya kazi. Baadaye alihamia klabu ya Al Nasr ya Salalah, kusini kabisa mwa nchi, umbali wa zaidi ya kilomita 800 kutoka kwao.

Aliyemgundua alikuwa mgeni. John Burridge, golikipa wa zamani wa Uingereza aliyezunguka klabu nyingi kuliko tunavyoweza kuzihesabu hapa, alikuwa Oman akiwafundisha makipa. Huyu ndiye aliyedaka katika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 43, na mpaka sasa hakuna mchezaji aliyecheza ligi ile akiwa mzee kumshinda. Burridge alimwona kijana mrefu, mwepesi wa miguu na asiye na woga, akaamini kwamba anaweza kucheza Ulaya. Wengi walimwona mzee huyo kuwa ana ndoto za mchana. Golikipa kutoka Oman acheze Uingereza?

Kikwazo cha kwanza hakikuwa mpira, kilikuwa karatasi. Sheria za kibali cha kazi za Uingereza za wakati ule zilitaka mchezaji wa nje ya Ulaya awe anatoka katika nchi iliyo ndani ya nafasi 70 za juu katika orodha ya FIFA, na awe amecheza asilimia 75 ya mechi za timu yake ya taifa. Kijana hana kosa, mikono yake ni ile ile, lakini nafasi ya nchi yake katika orodha ndiyo inayomfungia mlango. Kwa hiyo mwaka 2003 Al Habsi alipita njia ya kuzunguka, akaenda Norway na kujiunga na klabu ya Lyn ya mji mkuu Oslo.

Mtu aliyezoea joto la Sharqiyah alijikuta akidaka mipira katika baridi ya Skandinavia. Hakukaa huko kama mtalii. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa golikipa bora wa mwaka wa ligi ya Norway. Mwaka huo huo Oman ilishiriki Kombe la Asia kwa mara ya kwanza, nchini China, na ikapanda hadi nafasi ya 50 katika orodha ya FIFA. Mlango uliokuwa umefungwa ukafunguka. Januari 2006 Bolton Wanderers ilimsajili.

Hapa ndipo inapoanza sehemu ya kisa hiki ambayo vijana huambiwa kwa uchache. Pale Bolton alimkuta Jussi Jääskeläinen, golikipa wa Finland aliyekuwa katika kiwango chake cha juu kabisa. Al Habsi alikaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila kucheza mechi hata moja ya mashindano kwa klabu yake mpya. Mechi yake ya kwanza ilikuja Septemba 2007, katika Kombe la Ligi dhidi ya Fulham. Mwezi Novemba mwaka huo alikuwa langoni Bolton ilipotoka sare ya mabao 2-2 na Bayern Munich huko huko Munich, katika Kombe la UEFA. Mwaka 2008 akawa Muomani wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Mwaka 2010 alikwenda Wigan Athletic kwa mkopo. Wigan ilikuwa imefungwa mabao 10 katika mechi mbili za kwanza za msimu, zote nyumbani kwake: 4 kutoka kwa Blackpool na 6 kutoka kwa Chelsea. Kocha Roberto Martínez, Mhispania, alimweka Al Habsi langoni katika mechi iliyofuata, ugenini kwa Tottenham. Wigan ikashinda 1-0. Kuanzia hapo lango likawa lake. Mwisho wa msimu mashabiki walimchagua kuwa mchezaji wao bora wa mwaka, Wigan ikanusurika kushuka daraja siku ya mwisho, na klabu ikamnunua moja kwa moja.

Msimu uliofuata, wa 2011-12, alicheza mechi zote 38 za ligi. Wigan ilikuwa mkiani hadi mwezi Machi, kisha ikashinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho, zikiwemo zile dhidi ya Liverpool na Arsenal ugenini na dhidi ya Manchester United nyumbani. Ilimaliza katika nafasi ya 15. Septemba 2012, uwanjani Old Trafford, aliupangua mkwaju wa penalti wa Javier Hernández. Timu yake ilifungwa 4-0 siku hiyo, lakini anayejua kazi ya golikipa anajua kwamba siku mbaya ya timu huweza kuwa na dakika moja nzuri ya kipa.

Mei 11, 2013, Wigan ilichukua Kombe la FA kwa kuifunga Manchester City 1-0 katika uwanja wa Wembley, bao la Ben Watson dakika za majeruhi. Al Habsi alipata medali, lakini hakucheza. Miezi michache kabla ya hapo nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na kijana wa Kihispania, Joel Robles, aliyekuja kwa mkopo kutoka Atlético Madrid. Siku tatu baada ya fainali Wigan ikafungwa na Arsenal na kushuka daraja, ikawa klabu ya kwanza kabisa kutwaa kombe hilo na kushuka daraja katika msimu mmoja.

Wapo wanaoitumia fainali hiyo kupunguza heshima ya Al Habsi. Wanasema: alikuwa mtu wa benchi, medali yake aliipata akiwa amekaa. Sisi hatukubaliani nao. Nafasi ya golikipa ni moja tu uwanjani. Beki anaweza kuhamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, kiungo anaweza kuingia dakika ya 60, lakini kipa wa akiba husubiri jeraha au kosa la mwenzake. Mtu aliyesubiri Bolton miezi zaidi ya 18, akacheza Wigan msimu mzima bila kukosa mechi, akawekwa tena benchi, kisha akainuka upya, huyo ni wa kumfundisha kijana kuliko yule aliyefanikiwa siku ya kwanza.

Na aliinuka kweli. Mwaka 2015 alijiunga na Reading, katika daraja la chini ya Ligi Kuu. Msimu wa 2016-17 alichaguliwa mchezaji bora wa klabu hiyo, na Mei 29, 2017 alirudi Wembley, safari hii akiwa langoni, katika fainali ya mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Huddersfield. Dakika 120 ziliisha bila bao. Katika mikwaju ya penalti alimzuia Michael Hefele, lakini wenzake walikosa, na Huddersfield ikapanda kwa 4-3. Alikuwa hatua moja tu kutoka Ligi Kuu, akiwa na umri wa miaka 35. Baada ya hapo alikwenda Al Hilal ya Saudia, akarudi Uingereza mwaka 2019 kwa muda mfupi katika klabu ya West Bromwich Albion, kisha akaaga.

Kwa upande wa timu ya taifa, wasomaji wetu walioko Oman hawahitaji kukumbushwa. Oman ilifika fainali ya Kombe la Ghuba mwaka 2004 huko Qatar ikafungwa na wenyeji kwa penalti. Ikafika tena mwaka 2007 huko Abu Dhabi ikafungwa na wenyeji 1-0. Mara ya tatu, Januari 2009, fainali ilichezwa Maskati. Kocha alikuwa Mfaransa Claude Le Roy, ambaye Waafrika wanamjua vizuri kwa kazi yake Cameroon, Senegal, Ghana na Kongo. Oman iliifunga Saudia kwa mikwaju ya penalti 6-5 baada ya sare ya 0-0, na ikachukua kombe hilo kwa mara ya kwanza. Katika mashindano yote hayo Oman haikufungwa hata bao moja ndani ya muda wa mchezo. Al Habsi alitajwa golikipa bora wa Kombe la Ghuba kwa mara ya nne mfululizo.

Sasa turudi kwa Casillas, kwa sababu tofauti kati ya wawili hawa ndiyo kiini cha hoja yetu. Casillas aliingia katika shule ya soka ya Real Madrid akiwa mtoto wa miaka tisa hivi. Alikua chini ya makocha wa makipa, katika viwanja vya nyasi, akipanda kutoka timu ya watoto hadi ya vijana hadi ya wakubwa. Mwaka 1997, akiwa na miaka 16, aliitwa akiwa darasani shuleni ili asafiri na timu ya wakubwa kwenda Norway kucheza na Rosenborg, kwa kuwa makipa wengine walikuwa hawapo. Hakucheza siku hiyo, lakini klabu ilimjua, ilikuwa na jina lake, na ilijua shule anayosoma.

Al Habsi naye alifika Norway, miaka sita baadaye. Lakini yeye alifika kwa bahati. Laiti Burridge asingekuja Oman, laiti Oman isingepanda katika orodha ya FIFA, laiti klabu ya Oslo isingehitaji kipa mwaka ule, huenda leo angekuwa mstaafu wa zimamoto ambaye wazee wa Al Mudhaibi wanasimulia kwamba alikuwa akidaka vizuri sana. Kazi ya zimamoto ni kazi ya heshima na hatuidharau hata kidogo. Tunachosema ni kwamba kipaji cha Uhispania kilikuwa na ngazi, na kipaji cha Sharqiyah kilikuwa na bahati. Nchi haiwezi kujenga soka lake juu ya bahati.

Watu wa Dakhiliyah wanaijua hoja hii bila kufundishwa na gazeti, maana wanaishi na mifalaji. Falaji Daris ya Nizwa, ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO, haitengenezi maji. Maji yapo chini ya ardhi. Kazi ya falaji ni kuyaleta mpaka kwenye mitende, kwa mteremko uliopimwa, na kwa zamu ambazo kila mwenye shamba anazijua. Mfereji usiposafishwa, mitende hufa huku maji yakiwa hayako mbali. Vijana wa Ibra, Sur na Nizwa ni kama maji hayo.

Tusije tukaeleweka kwamba hakuna kilichofanyika. Serikali ya Oman imejenga viwanja vikubwa vya michezo katika mikoa, vikiwemo vya Nizwa na Sur. Klabu ya Al Oruba ya Sur imewahi kutwaa ubingwa wa Oman zaidi ya mara moja, ukiwemo wa msimu wa 2014-15. Kuanzia msimu wa 2013-14 ligi ya juu ilipewa sura ya kulipwa. Mwaka 2022 klabu ya Al Seeb ilichukua Kombe la AFC kwa kuifunga Kuala Lumpur City 3-0, ikawa klabu ya kwanza ya Oman kufanya hivyo. Lango la taifa nalo halikubaki tupu. Januari 2018 Oman ilitwaa Kombe la Ghuba kwa mara ya pili, huko Kuwait, Al Habsi akiwa hayumo langoni. Siku hiyo Faiz Al Rushaidi alizuia penalti mbili za Omar Abdulrahman wa Imarati, moja dakika za mwisho na nyingine katika mikwaju ya kuamua mshindi. Baada yake amekuja Ibrahim Al Mukhaini, mwenye jina la ukoo linalofahamika sana Sur.

Lakini matokeo makubwa bado yanateleza mikononi. Oman ilifungwa na Iraq katika fainali ya Kombe la Ghuba mwaka 2023, na na Bahrain katika fainali ya Januari 2025. Oktoba 2025, katika kundi la mwisho la kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 2026, ilitoka sare na Qatar na kufungwa 2-1 na Imarati, ikatolewa. Wakati huo Jordan na Uzbekistan, nchi ambazo hazikuwa na jina kubwa kuliko Oman siku ambazo Al Habsi alikuwa akidaka, zilikuwa zimekwishafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Hili linauma, na ni vizuri liume.

Ni nini basi kifanyike? Sisi si makocha, lakini tuna mambo manne ya kusema.

Kwanza, kocha wa makipa asiwe anasa ya klabu za Maskati na Salalah peke yake. Golikipa hafundishwi kama wachezaji wengine. Anahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuanguka, kusimama, kupunguza pembe na kupanga mabeki wake, na anahitaji mtu huyo tangu utotoni. Vilevile anahitaji mahali pa kuangukia. Katika vijiji vingi watoto huchezea viwanja vya udongo na changarawe, na mtoto mwenye akili hajirushi juu ya changarawe. Anajifunza kuukwepa mpira wa chini, na tabia hiyo akishaizoea ni vigumu kuiacha. Kipande kidogo tu cha nyasi bandia mbele ya goli katika kila wilaya kingeokoa makipa wengi.

Pili, shule na klabu zifanye kazi pamoja. Mtoto aliye Wadi Bani Khalid au Al Hamra hawezi kuonwa ikiwa hakuna anayekwenda kumtazama. Mwalimu wa michezo ndiye mtu wa kwanza anayemwona kipa. Shirikisho la Soka la Oman na Wizara ya Utamaduni, Michezo na Vijana wana uwezo wa kumpa mwalimu huyo njia ya kupeleka jina la mtoto mbele, na kuhakikisha kwamba jina hilo halipotei kwenye droo ya mtu.

Tatu, kijana asilazimishwe kuchagua kati ya mshahara na mpira akiwa na miaka 18. Wazazi wa Sharqiyah wana haki ya kuuliza: akivunjika mguu, atakula nini? Mzazi anayemtaka mwanawe aingie jeshini, polisi au zimamoto hafanyi kosa. Mwajiri wa serikali anaweza kumpa kijana mwenye kipaji likizo ya miaka miwili ya kujaribu bahati yake nje, huku nafasi yake ya kazi ikimsubiri. Uingereza tangu 2021 inatumia mfumo wa pointi kwa wachezaji wote wa kigeni, na mchezaji wa ligi ndogo hupata shida kuzifikisha. Kwa hiyo njia ya kuzunguka aliyopita Al Habsi kupitia Norway bado ndiyo njia yenye akili, na njia hiyo inataka muda na mtu wa kumshika mkono kijana.

Hapa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wana la kufundisha. Mbwana Samatta wa Tanzania hakuruka kutoka Mbagala hadi Uingereza. Alipita Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. Golikipa Denis Onyango wa Uganda alijenga jina lake Afrika Kusini, akachukua ubingwa wa klabu bingwa Afrika mwaka 2016 na Mamelodi Sundowns. Robert Kidiaba wa Kongo alifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu mwaka 2010 akiwa na TP Mazembe bila kucheza Ulaya hata siku moja. Ngazi haina lazima iwe moja, ila lazima iwepo.

Nne, na hili tunalisema kwa uzito wote, kijana lazima afike nyumbani salama. Al Habsi, akiwa bado anacheza Uingereza, alishirikiana na wenzake kuanzisha taasisi ya Safety First ya kupigania usalama barabarani nchini Oman. Angeweza kulipa jina lake kazi rahisi zaidi. Lakini aliijua nchi yake. Mwaka 2012 peke yake zaidi ya watu 1,000 walifariki katika ajali za barabarani Oman, nchi ambayo idadi ya wakaazi wake wote ilikuwa chini ya milioni nne. Tangu wakati huo vifo vimepungua sana, na wote waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani.

Hata hivyo, vijana wa mikoa ya bara ndio wanaosafiri zaidi. Mwenye kipaji aliye Ibra au Nizwa huendesha gari zaidi ya kilomita mia kwenda mazoezini Maskati, na hurudi usiku amechoka, simu mkononi, ngamia wakikatiza barabara. Kila mji wa Sharqiyah una nyumba iliyopoteza kijana kwa njia hii. Huwezi kuzungumzia ngazi ya vipaji huku ukisahau barabara ambayo vipaji hupita. Klabu zikipeleka mazoezi karibu na watoto, zitakuwa zimelea makipa na zitakuwa zimeokoa roho.

Tunajua wapo watakaosema kwamba mpira ni mchezo tu, na kwamba nchi ina mambo makubwa zaidi, kuanzia ajira za vijana hadi bei ya mafuta. Tunawajibu kwamba kijana wa Al Mudhaibi aliyemwona mtu wa kwao akisimama langoni Old Trafford alijifunza jambo ambalo hakuna hotuba ingeweza kumfundisha. Alijifunza kwamba mji mdogo hauwi kisingizio. Kwa miaka mingi watoto wa Wigan, mji wa wachimba makaa wa zamani kaskazini mwa Uingereza, waliiona bendera ya Oman ikipepea katika uwanja wao, na wakauliza nchi hiyo iko wapi. Balozi gani angeweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kama hiyo?

Ali Al Habsi amemaliza zamu yake, na aliimaliza kwa heshima. Deni sasa liko kwa wengine: shirikisho, wizara, klabu, walimu, wazazi, na sisi waandishi pia, ambao huwakumbuka makipa siku wanapofungwa. Leo jioni, huko Ibra, Sur, Nizwa au Al Mudhaibi, jua likipungua ukali, kuna mtoto atakayesimama kati ya mawe mawili badala ya milingoti na kujirusha juu ya changarawe bila kuogopa. Je, yupo mtu atakayekuwa amepita hapo kumtazama? Tungependa, atakapotajwa Muomani wa pili katika Ligi Kuu ya Uingereza, tusilazimike kuandika tena neno bahati.